Mlango Uungue au Uso Upotee? Nakataa Yote Mawili

Wasee, leo tuongee kuhusu jua. Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini ya ikweta, na saa sita mchana jua linakukalia kichwani kama landilodi tarehe tano. Bati linang'aa hadi linaumiza macho, na chini ya mti kivuli ni cheusi tii. Halafu kuna jamaa wa YouTube huko Norway anakwambia usubiri jua la jioni, eti mwanga ukiwa laini ndio upige. Kwake hiyo jioni inaweza kuvuta masaa. Hapa kwetu jua likiamua kuzama linazama, ukiwa bado unatafuta lenzi kwa begi ni giza. Na zile kazi zenye doh, harusi, ruracio, mahafali, nyumba za kukodisha wageni, zote ziko mchana.

Kwa hivyo kila mtu anayepiga picha hapa mjini anaijua hii shida hata kama hana jina lake. Uko ndani ya nyumba, mtu amesimama karibu na dirisha. Ukipima mwanga kwa uso wake, dirisha linaungua, linakuwa karatasi nyeupe. Ukipima kwa dirisha, unapata miti na mawingu poa kabisa, lakini mtu wako amegeuka kivuli chenye meno. Kamera inakuambia uchague.

Mimi sichagui. Napiga zote, halafu naziunganisha. Na nimechoka kuambiwa kwamba huo ni uongo.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na kusema ukweli ndiyo hesabu pekee iliyobaki kichwani tangu niache chuo mwaka wa pili. Mwanga hupimwa kwa stopu. Ukipanda stopu moja, mwanga umekuwa mara mbili. Stopu mbili, mara nne. Sensa nzuri ya kamera ya siku hizi inaweza kushika kama stopu 12 hadi 14 ukipiga faili la RAW, na ukipiga JPEG unatupa sehemu kubwa ya hiyo kabla hata hujafika nyumbani. Chumba chenye giza ambacho mlango wake unatazama jua kinaweza kupita hapo bila jasho. Jicho lako halioni shida kwa sababu halikai mahali pamoja: likiangalia mlango mboni inajikunja, likirudi gizani inafunguka, na ubongo unashona hizo vipande unaamini uliona kitu kimoja. Hakuna siku umewahi kuona chumba kwa bonyezo moja. Kwa hivyo mtu akiniambia picha ya fremu moja ndiyo "vile ilikuwa", namuuliza, ilikuwa vile kwa nani?

Tena hii si kitu imeletwa na kompyuta. Mfaransa mmoja, Gustave Le Gray, alikuwa anapiga picha za bahari miaka ya 1850. Kemikali za wakati huo zilikuwa zinashika rangi ya buluu haraka sana, kwa hivyo maji yakitoka vizuri mbingu inatoka tupu. Akaamua kutumia negativu mbili, moja ya maji na moja ya mawingu, akaziunganisha pale upeo wa macho unapopita. Ile picha yake ya wimbi kubwa kule Sète ni ya 1857. Na mzee mwenyewe alimalizia maisha Cairo, bara letu hili hili, akafa 1884. Hakuwa na Photoshop, hakuwa na stima hata.

Sasa niwaambie kuhusu picha moja, kwa sababu bila hiyo hii yote ni nadharia.

Shosho yangu aliishi Murang'a, na jikoni yake ilikuwa ile ya zamani, ya mbao, nje ya nyumba kubwa. Kuta zimekunywa moshi wa kuni miaka mingi hadi masizi yanang'aa kama lami. Hakuna dirisha la maana. Mlango unatazama mashariki, na nje ya mlango kuna migomba. Asubuhi saa tatu jua linaingia pale kwa nguvu, linakata sakafu katikati. Shosho alikuwa anapenda kukaa kwa kigoda upande wa giza, akimenya viazi, uso umegeukia mlango kidogo. Na shosho alikuwa mweusi. Si wa kahawia, mweusi, ule weusi ambao ukigongwa na mwanga kwa upande una buluu ndani yake.

Nikaweka tripodi. Mimi nina jina la mumewe, guka yangu, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto alikuwa ananiita mzee wake. Akasema, "Mzee wangu, hiyo miguu ya chuma itaanguka kwa moto." Haikuanguka. Nikafunga apacha na ISO zisisonge, kwa sababu ukibadilisha apacha katikati, fokasi ya nyuma inabadilika na fremu zako hazitakubali kulala pamoja. Rangi ya mwanga pia nikaifunga. Kitu pekee cha kusonga ni kasi ya shata. Nikapiga nne: 1/1000, 1/250, 1/60 na 1/15. Kila hatua ni stopu mbili, kwa hivyo kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni stopu sita. Ya kwanza ilishika migomba, hadi mishipa ya majani unaiona. Ya pili ikashika moto. Ya tatu ikamshika shosho. Ya mwisho ikashika kuta, sufuria zilizopangwa, na ule mtungi ambao hakuna mtu anaruhusiwa kuugusa.

Shida ya binadamu ni kwamba wanasonga. Kwa fremu nne shosho alikuwa ameshamaliza kiazi na kuanza kingine. Ukichanganya tu ovyo unapata mwanamke mwenye mikono mitatu, na mmoja ni wa uwazi kama jini. Kwa hivyo sheria yangu ni hii: mtu anatoka kwa fremu moja tu, kichwa hadi kidole. Vitu ambavyo havisongi ndivyo vinaweza kukopwa kwingine.

Usiku nikakaa na laptopu. Natumia GIMP, ni ya bure, na mtu asikwambie lazima ulipie programu kila mwezi ndio ujifunze hii kazi. Unaweka fremu zote kama leya, moja juu ya nyingine, na kila leya ya juu unaivalisha maski. Maski ni kama karatasi: pale pana rangi nyeupe leya inaonekana, pale pana nyeusi inajificha, na kijivu ni katikati. Basi unachukua brashi laini, unaipunguza nguvu hadi kama asilimia 10, unapaka polepole. Mlango kutoka kwa fremu ya kwanza, kuta kutoka kwa ya nne. Unapaka, unatoka nje kunyoosha mgongo, unarudi unaona umezidisha, unafuta. Masaa matatu, na stima ikapotea mara moja nikamalizia na betri.

Mahali pagumu ni ukingo. Kitambaa cha shosho kilikuwa kimepita mbele ya mwanga wa mlango. Ukipaka karibu sana na kitambaa, unabaki na mstari mweupe umemzunguka kichwa kama malaika wa kalenda. Ukipaka mbali, unabaki na kivuli kichafu hapo katikati. Kile nilichofanya ni kuacha mwanga uumwage ukingo kidogo. Ndiyo, sehemu ya kitambaa imeungua. Lakini ukimwangalia mtu aliyesimama mbele ya mlango wa jua, nywele zake huungua hivyo hivyo. Picha ambayo kila kona inaonekana sawasawa haina saa. Hujui ni asubuhi au jioni, hujui jua liko wapi.

Na hapo ndipo nina ugomvi na zile mashine zinazofanya hii kazi zenyewe. Si ati ni mbaya. Hesabu zake nzuri zimekuwepo: mwaka 1997 Debevec na Malik walionyesha jinsi ya kujenga ramani moja ya mwanga kutoka kwa picha kadhaa, na 2007 Mertens, Kautz na Van Reeth wakaleta njia ya kuchanganya fremu moja kwa moja, ambapo kompyuta inapima kila pikseli ni ipi imepata mwanga mzuri, rangi nzuri na makali mazuri. Simu yako inafanya mambo ya ukoo huo kila siku bila kukuuliza. iPhone imekuwa na HDR tangu 2010. Kwa picha ya sebule ya kukodisha, sawa kabisa, bonyeza na uende zako.

Lakini kompyuta haijui masizi ni nini. Ikiona ukuta mweusi inadhani ni kosa la mwanga, inauinua. Nilijaribu zile fremu nne kwa njia ya moja kwa moja, jikoni ikatoka kijivu kama ofisi ya chifu. Na shosho ikamwinua pia. Alitoka mtu wa kahawia, ngozi imepigwa pasi, mdogo kwa miaka kumi.

Anti yangu aliona zote mbili akapenda hiyo. "Hapa anakaa vizuri, uso umesafishwa." Nikamwambia, anti, uso wake haukuwa mchafu.

Hii si mambo ya anti peke yake, ina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilipangia rangi zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, wakaziita kadi za Shirley. Yeye akitoka poa, mashine iko sawa. Sisi tukitoka macho na meno tu, hiyo ni shauri yetu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika kuhusu hizo kadi 2009, na kwa maelezo aliyokusanya, kati ya watu waliolalamika hadi filamu ikaboreshwa ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Chokoleti, buda. Mbao na chokoleti zilitetewa kabla ya shosho. Ndiyo maana Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 wakisema wameifunza kamera yao kuheshimu rangi za ngozi, sikucheka. Nilijiuliza tu, kwa nini 2021?

Shosho alifariki miezi minane baada ya ile asubuhi. Ikafika wakati wa kuchagua picha ya kuweka mbele ya karatasi ya mazishi, na ikapelekwa kwa grupu la WhatsApp la familia. Picha mbili, ile ya mashine na yangu. Nikapigwa 11 kwa 4. Anko mmoja akaandika kwamba yangu ina giza sana kwa karatasi ya mazishi, na labda kwa karatasi ya uchapishaji wa bei ya chini alikuwa na hoja. Sikubishana, wakati wa msiba haubishani na wazee. Watu mia tatu walienda nyumbani na shosho wa kahawia. Wiki mbili baadaye mathe akaniuliza, kama mtu anayeuliza chumvi, kama ninaweza kumprintia "ile ya jikoni, ile yenyewe". Iko chumbani kwake. Ukubwa wa A4, haina hata fremu, imeshikwa na pini.

Sasa mtu atasema, sawa, lakini huoni umeunganisha nyakati nne ukaita moja? Naona. Na hapo ndipo kuna mstari ambao mimi binafsi sivuki. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa katikati ya jiji na kamera kama vijana wengi. Mchana, jua kali, moshi, watu chini ya vivuli vya majengo. Mwanga mgumu kuliko ule wa jikoni. Kila picha ya siku hiyo niliyohifadhi ni fremu moja, mbingu imeungua, haijaguswa. Kwa sababu kwa fremu ya kwanza kuna mtu amesimama kwa kona, na kwa fremu ya tatu hayuko. Nikichanganya, ni mimi na brashi yangu ya asilimia 10 tunaamua kama alikuwepo. Kwa jikoni, kiazi kikipotea hakuna mtu ataulizwa. Picha ambayo siku moja inaweza kuulizwa maswali, iache na mbingu yake nyeupe. Hata mashindano ya World Press Photo yamekuwa na sheria kali za aina hiyo kwa picha za habari, na hapo nawaunga mkono kabisa.

Kama unataka kujaribu, usingoje kamera. Chukua simu, tafuta apu ya kamera inayokuruhusu kuweka kasi ya shata mwenyewe, iegemeze kwa vitabu kama huna tripodi, na tumia taimer ili kidole kisiitingishe. Anza na kitu kisichosonga: mlango wa nyumba yenu saa nne asubuhi, na viatu vya kila mtu vimelala hapo ndani. Fremu tatu zinatosha. Ukifika kwa ukingo wa mlango, punguza brashi tena. Ukidhani imepungua vya kutosha, bado.