Dashibodi Bila Kovu

Redio ya gari lililotoka Japani kwa kawaida hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Stesheni za Uganda ziko kati ya 87.5 na 108. Mtu akishalipia gari lake kwenye bondi ya Nakawa, yadi ya magari yaliyoagizwa, akaingia barabarani na kuwasha redio, atasikia Sanyu kwenye 88.2, CBS kwenye 88.8 na nyingine chache, kisha namba zinaisha. Capital iko 91.3, Simba iko 97.3, hizo kwake hazipo kabisa. Tofauti hiyo ya megahezi chache ndiyo iliyonilisha Kamwokya, na ndiyo iliyonifunza kufungua dashibodi, maana dawa yake hufungwa nyuma ya redio, na redio imefichwa na kava lisiloonyesha hata skrubu moja.

Nilifika Kampala kutoka Mombasa katikati ya miaka ya tisini. Ami yangu alikuwa akitoa magari bandarini Kilindini kwa niaba ya wanunuzi wa Uganda, nami nilizoea kuyasindikiza hadi mpakani Malaba, mpaka siku moja nikavuka na kubaki. Gereji iliyonipokea ilikuwa Kamwokya, ukishapita Makumbusho kwenye Kira Road na kushuka upande wa sokoni. Palikuwa na kiwanja cha udongo mwekundu, mwembe, na kontena la kufungia vifaa usiku. Mwenye gereji alikuwa Muganda mtu mzima aliyejifunza Kiswahili Nairobi, enzi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977. Wote tulimwita Mzee. Alinipa kazi ya umeme kwa sababu mikono yangu, alisema, ilikuwa midogo na haikuwa na haraka.

Mzee alilelewa na magari ya aina nyingine. Land Rover za zamani zilikuwa na bamba la chuma katikati ya dashibodi, geji zote zimepangwa juu yake, na skrubu zake ziko mbele hapo hapo, unaziona ukiwa umesimama nje ya mlango. Unazilegeza, unalivuta bamba, nyaya zote ziko mbele yako. Fundi wa wakati ule hakuhitaji kubahatisha chochote. Kisha zikaja Corona na Carina za mwishoni mwa miaka ya themanini, halafu Mark II, halafu Corona Premio, na kila toleo lilificha viungo vyake zaidi ya lililotangulia. Kiwandani walitaka mtu anayeketi ndani aone uso laini, basi wakazihamisha skrubu nyuma ya kibweta cha majivu, chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, ndani ya droo ya abiria. Skrubu zilipoishia wakaweka klipu.

Mafundi wengi waliyapokea magari hayo kwa silaha waliyoizoea, yaani bisibisi bapa. Niliyaona matokeo kila wiki. Gari linaletwa kwetu kwa ajili ya redio, na ukiinama unakuta ukingo wa kava umetafunwa, kona imepasuka, na mwanya upande mmoja unaingia kucha. Wakati huo mteja hakulalamika sana. Redio ikilia, analipa na kuondoka. Kava lilihesabiwa kama maganda, kitu cha kutolewa ili kazi ianze.

Mzee hakukubali. Alikuwa na kisu cha mezani alichokizungushia utepe wa kitambaa mpaka kikawa butu kabisa, na hata hicho hakukishika kabla ya kupapasa. Alipitisha ncha za vidole pembezoni mwa kava, akilibonyeza kidogo hapa na pale. Mahali panapobonyea pako wazi nyuma yake. Mahali pagumu pana klipu. Baada ya kulizunguka lote alikuwa tayari ana ramani kichwani. “Mwanangu,” aliniambia, “hili gari kuna mtu alilifunga kwa mkono. Mfikirie yeye alianzia wapi.” Nilichukua muda kuielewa kauli hiyo. Kava husukumwa mahali pake kiwandani, kwa hiyo klipu zimeelekea mbele, na njia salama ya kulitoa ni kulivuta lirudi nyuma kwa mstari ule ule lilioingilia. Anayelipinda kwenda juu au pembeni anapambana na plastiki yenyewe, na plastiki ndiyo inayovunjika kwanza.

Jambo la pili lilikuwa jua. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na gari lililolala nje usiku wa Julai huamka plastiki yake ni kavu na ngumu. Mzee hakufungua dashibodi asubuhi. Gari lilisogezwa kutoka kivulini, vioo vikafungwa, likaachwa juani mpaka ukigusa dashibodi unahisi joto. Mteja mwenye haraka alinuna, akaambiwa akanywe chai. Plastiki yenye joto hujipinda kidogo na kurudi. Ile ya baridi, hasa ya gari lililopigwa na jua la miaka, ama hukatika ghafla ama huacha mstari mweupe mahali ilipopindwa, na mstari ule haufutiki kwa kitambaa wala kwa mafuta.

Nieleze Premio, maana ndiyo niliyoifungua zaidi. Unavuta breki ya mkono, unashusha gia ili upate nafasi, unafungua nguzo hasi ya betri. Unatoa kibweta cha majivu na kuangalia nyuma yake, maana pale ndipo skrubu hupenda kujificha. Kisha unaanzia kona ya chini, kwa sababu alama ikitokea huko haionekani upesi. Unaingiza ncha butu, unasukuma kidogo, unasikia mlio mfupi. Hapo unaacha chombo na kuingiza kidole. Klipu ya kwanza ikishaachia, kidole ndicho chombo bora, kwani kinahisi ugumu kabla ya kitu kuvunjika. Unapanda upande mmoja, unarudi upande wa pili, kava linatoka sawasawa. Wala usilivute bado. Nyuma yake kuna plagi ya swichi ya taa za hatari, waya wake mfupi, na anayevuta kwa pupa huing'oa na soketi yake. Unaingiza mkono, unabonyeza ulimi wa plagi, unaichomoa. Sasa kava ni lako. Lilaze juu ya kitambaa, uso juu. Redio nayo imeshikwa na bolti za spana namba 10, na hiyo ni kazi rahisi.

Kosa linaloudhi zaidi hutokea wakati wa kurudisha. Klipu za Toyota hizo ni vipande vya chuma chembamba vilivyokunjwa na kuvishwa kwenye ulimi wa plastiki. Kava likitoka, klipu moja au mbili hubaki ndani ya tundu la dashibodi. Asiyezihesabu hulisukuma kava mahali pake, likaonekana limekaa, na mteja akafika kwenye mashimo ya kwanza akaanza kusikia mtetemo. Unazitoa kwa koleo yenye mdomo mwembamba, unazivika kwenye ndimi zake, ndipo unafunga. Nimewaona watu waliokosa usingizi kwa kuuwaza mlio ule. Gari la mtu wa Kampala ni akiba yake, ni ofisi yake, mara nyingi ni mkopo wake, na kelele mpya ndani yake inamwambia kuna mtu amelichezea.

Dawa yenyewe ni kiboksi kidogo tunachokiita ekspanda. Kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kinachukua umeme wake kwenye waya unaowaka na ufunguo, na kazi yake ni kushusha masafa. Ukifunga cha megahezi 12, Simba ya 97.3 unaipata kwenye 85.3, na Capital kwenye 79.3. Dakika chache za waya kwa saa nzima ya plastiki. Redio za watu binafsi zilianza 1993, CBS ikafuata 1996, na kadiri stesheni zilivyoongezeka ndivyo foleni chini ya mwembe ilivyorefuka. Septemba 2009 serikali iliifunga CBS, ikakaa kimya hadi Oktoba 2010. Nakumbuka wazee walioridhika muda wote na redio ya Kijapani kwa sababu CBS ilikuwa ndani ya uwezo wake. Walianza kuja mmoja mmoja wafungiwe ekspanda, ili wapate habari kwingine.

Miaka hiyo ndipo vifaa vilipobadilika. Kisu cha Mzee kilipisha vibanzi tulivyokata kwenye madumu ya plastiki na kuvisugua mpaka vikawa na ncha kama ulimi. Plastiki kwa plastiki hazijeruhiani sana. Baadaye zikaingia seti za Kichina, vijiti vya plastiki ngumu vya maumbo mbalimbali, zikauzwa mpaka soko la Kisekka kati ya vipuri. Nilizinunua na bado ninazo. Hata hivyo humwambia kila kijana kwamba kijiti hakimwonyeshi klipu ilipo. Ukingo laini pembeni nauwekea utepe wa karatasi wa wapiga rangi kwanza.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mteja mwenyewe. Sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa 2018, gari lenye umri wa miaka 15 na zaidi likakatazwa kuingizwa nchini, na bei za yale yanayoruhusiwa zikawa si mchezo. Mtu aliyelipa pesa ile haangalii redio tu; anainama, anapitisha kidole ukingoni, anaangalia rangi ya mbao ya kava kama ina mkwaruzo. Anajua atakuja kuliuza, na mnunuzi atalikagua vilevile. Kava lililokuwa maganda limekuwa mali. Naona ni haki yake, na ninafurahi kufanya kazi mbele ya mtu anayeangalia.

Na nyuma ya kava sasa kuna vitu vya kuogopwa. Mfuko wa hewa wa abiria umekaa ndani ya dashibodi, juu ya droo, na waya zake zina plagi za manjano. Toyota wenyewe huagiza betri ikishafunguliwa usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa sehemu hizo, kwa sababu umeme hubaki umehifadhiwa. Mimi husubiri zaidi. Vipulizio vya mifuko ya hewa vya Takata, kampuni iliyofilisika 2017, viliagizwa vibadilishwe duniani kote kwa sababu kemikali iliyomo iliharibika kwa joto na unyevu, vikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Magari yaliyotumika Japani huvuka bahari bila mtu kuuliza kama vipulizio vyake vilibadilishwa. Kijana akitaka kuchomoa plagi ya manjano kwangu, ananiita kwanza.

Ekspanda zimepungua. Wengi sasa wanataka skrini kubwa yenye ramani na kamera ya nyuma, nayo huja na fremu yake iliyokatwa kwa kila aina ya gari, hivyo kava la asili linatoka moja kwa moja. Nalifunga kwenye gazeti na kumkabidhi mwenyewe, na kumsihi alitunze, kwani Kisekka utalipata la rangi nyingine. Kazi nyingine ni vifaa vya kufuatilia magari ya mkopo, ambavyo mkopeshaji anataka vifichwe mahali mkopaji asipopajua. Hapo kufunga bila alama ndiyo biashara nzima.

Mzee amestaafu na kurudi kijijini Masaka. Vijana wangu hupiga picha za simu kila hatua, klipu zilipo, plagi zilipo, wakatumiana na wenzao wa mitaa ya Ndeeba na Katwe. Gari jipya likiingia, ramani tayari ipo kabla hawajaligusa. Mimi naweka makopo yenye klipu za kila aina, nilizozichomoa kwenye makava yaliyotupwa. Za Premio ndizo huisha mapema.