Betri Kati ya Arua na Koboko
Arua simu yangu hukaa na chaji kutwa. Nikienda nyumbani Koboko, saa nane mchana imezima. Fundi alisema ninunue betri mpya. Kabla ya kutoa pesa nilitazama matumizi ya betri kwenye mipangilio: programu ya barua pepe ilikuwa imekula kuliko hata skrini. Kila dakika 15 ilikuwa ikiulizia barua mpya, na mtandao ukiwa dhaifu simu hutumia nguvu zaidi kuufikia mnara. Karibu na mpaka hurukia hata minara ya Kongo. Nikaizuia isijiulizie, nafungua barua mwenyewe asubuhi na jioni. Sasa chaji inafika usiku. Ila mhadhiri anayesimamia tasnifu yangu hutuma masahihisho saa sita mchana, na jibu analitaka kabla ya saa kumi.