Kuanzia Mstarini

Hapa Mount Druitt mgeni hakosi kuambiwa msemo huu wa Kiingereza: "start from scratch". Vijana wetu huufasiri "kuanza sifuri". Ni kweli siku hizi Waingereza huutumia kwa maana ya kuanza bila ya chochote, lakini asili yake ni nyingine, nayo yafaa tuijue.

"Scratch" ni mkwaruzo, yaani mstari uliokwaruzwa ardhini kuonyesha pa kuanzia mbio. Katika mbio za kusawazisha wakimbiaji, wanyonge husogezwa mbele mita kadhaa. Aliye hodari huachwa mstarini, hapewi hata hatua moja. Mfano wa mbio za namna hiyo ni zile zilizoanza mwaka 1878 huko Stawell, Victoria, na ambazo hadi leo hukimbiwa huko wakati wa Pasaka, mita 120. Mwaka 1975 Jean-Louis Ravelomanantsoa, jirani yetu wa Bukini, yaani Madagaska, alianzia mstarini akawapita wote.

Basi asiyepewa nafasi si asiye na kitu. Nilipofika nchi hii cheti changu cha ualimu hakikukubaliwa, nikafagia kiwandani. Lakini alifu za chuoni na hesabu za sekondari hazikunitoka. Jioni watoto wa majirani walikuja jikoni kwetu na madaftari yao, nikawasomesha.

Kwa hiyo, wanangu, msiseme tena wazee wenu walianza sifuri. Semeni walianzia mstarini.