Taa ya chini ya mlango: mama anataka kuona, si kushikwa

Haya, leo tunaweka programu kando kidogo tuongee juu ya gari. Usikimbie kama huna gari. Kuna OR na kuna sifuri na moja humu ndani, kwa hiyo bado tuko nyumbani.

Mimi naishi Ruiru, upande wa Kimbo. Mama yuko Thika, Makongeni. Ijumaa jioni namchukua, Jumapili namrudisha. Thika Road yenyewe, ile pana aliyoifungua Rais Kibaki Novemba 2012, haina shida. Shida inaanza ukishaiacha. Njia yetu ya mtaani haina lami wala taa, na mbele ya lango kuna mtaro ulio wazi. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, hujui dimbwi lina kina gani mpaka ulikanyage.

Mama ana miaka 68 na usiku macho yake hayamsaidii sana. Mwaka jana aliteleza akishuka, akaumia kifundo cha mguu. Tangu siku hiyo nikawa nazunguka gari mbio nimshike mkono, na yeye hataki. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nina jina la baba yake, kwa hiyo huniita baba hata akikasirika: "Baba, mimi nataka kuona. Sitaki kushikwa."

Basi nikatafuta mwanga. Magari ya bei ghali hutoka kiwandani na taa ndogo chini ya mlango au chini ya kioo cha pembeni, inayomulika pale mguu unapotua. Matatu nyingi zina taa kwenye ngazi ya mlango. Gari langu ni dogo, la mitumba kutoka Japani, na halina kitu.

Mlango tayari unasema

Kabla ya kuongeza chochote ni vizuri kujua kilichopo. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya umri wa langu, taa ya dari inapata chanya ya volti 12 muda wote. Swichi ya mlango, kile kitufe chenye mpira kwenye nguzo, hailetei taa stima. Kazi yake ni kufungua njia ya kurudi. Mlango ukifunguka, kitufe kinachomoka na kuunganisha waya na bati la gari, ambalo limeshikana na hasi ya betri. Mlango ukifungwa, kitufe kinabonyezwa na njia inakatika.

Pima waya wa swichi kwa multimita uone: mlango umefungwa, volti 12, mlango wazi, 0. Ni mantiki ya kinyume. Sifuri ndiyo inayosema "ndiyo".

Je, kompyuta inahitajika?

Wenzangu kazini walitaka niweke Arduino. Iwake polepole, ihesabu sekunde, hata iongee na simu. Nilipiga hesabu kwanza.

Arduino Uno hula takriban miliampea 45 hata ikiwa haifanyi lolote. Kwa siku hiyo ni zaidi ya ampea-saa 1. Betri ya gari dogo kama langu ina takriban ampea-saa 35. Siku za kazi mimi hupanda matatu na gari hulala nyumbani. Siku 10 za kulala tu zingemaliza karibu theluthi ya betri, na hakuna mlango uliofunguliwa.

Sasa linganisha na utepe wa LED wa volti 12, ule wa wati 4.8 kwa mita. Hukatwa kila baada ya LED 3, yaani kila sentimita 5. Niliweka sentimita 30 chini ya kila mlango wa kushoto, maana huku kwetu abiria hushukia kushoto. Tepe zote mbili hula ampea 0.24, na mlango ukiwa umefungwa hazili kitu. Mlango usiposhika vizuri usiku mzima, saa 12, zimekula chini ya ampea-saa 3. Balbu mbili za wati 5 zingekula 10 kwa muda huohuo.

OR ya daiodi nne

Nilitaka mlango wowote wa kushoto uwashe tepe zote mbili, na milango ya kulia isiziwashe. Kwa lugha yetu:

kama (mbele_kushoto AU nyuma_kushoto) washa

Ugumu ni kwamba swichi zote hukutana kwenye waya mmoja wa taa ya dari. Ukigusa waya huo, mlango wa dereva nao utawasha utepe. Dawa ni daiodi, ambayo ni kama vali: stima inapita upande mmoja tu. Kila swichi ya kushoto inapata mbili, moja ikitoka kwenye taa ya dari, nyingine ikitoka kwenye utepe. Jumla ni nne aina ya 1N4007, zinazobeba hadi ampea 1. Hiyo ndiyo "programu" yote. Haina toleo jipya.

Kazi tuliifanya Thika, kwa fundi wa umeme wa magari, Jumamosi moja. Nikamchorea. Aliangalia mchoro, akaniuliza swali moja: "Na mlango anaufunga nani?"

Swali zuri sana. Mlango ukifungwa taa inazimika papo hapo, na mama bado hajavuka mtaro. Nilikuwa nimepanga kuongeza saa ya kuchelewesha kwa sekunde 20. Fundi alicheka. "Si wewe uko hapo? Funga wewe, akishafika."

Tukakubaliana hivyo. Saa ingehesabu sekunde 20 hata kama mama anahitaji 40. Mimi naona amefika wapi.

Mambo ya kuangalia

1. Elekeza mwanga nje. Nilipima kwa futi: mguu wa mama hutua sentimita 40 kutoka kwenye gari. Utepe ukiangalia chini moja kwa moja unamulika chini ya gari, ambako hakuna mtu.

2. Nunua utepe usioingia maji. IP65 inahimili maji ya mpira wa kuoshea gari. IP67 inahimili hata kuzama kwa muda mfupi, na kwa madimbwi yetu ndiyo niliyochagua.

3. Weka fyuzi ndogo karibu kabisa na pale unapochukua chanya.

4. Waya zilizofunikwa kwa rangi ya manjano usiziguse. Hizo ni za mifuko ya hewa.

5. Kwenye magari mapya, swichi ya mlango hupeleka habari kwa kompyuta ya gari. Usiipe mzigo usioujua. Muulize fundi, au tumia relei.

Gharama yote, pamoja na kazi ya fundi, haikufika shilingi 2,000.

Ijumaa ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha na stima imepotea mtaa mzima. Nilikuwa bado nafungua mkanda niliposikia mlango wa kushoto. Mama aliangalia chini, akaruka dimbwi moja, akakanyaga jiwe, akavuka ubao wa mtaro. Kutoka langoni akaita: "Baba, sasa funga mlango, unamaliza betri."

Sikumwambia habari ya ampea 0.24. Nikafunga.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.