Barua Kutoka Ughaibuni: Mkungu wa Ndizi na Kiti cha Angani

Mjomba,

Juzi kwenye simu, ukiwa huko Likoni, uliniuliza swali, na kabla sijamaliza kujibu bando likakata. Uliuliza, hao watu wa Utah wanaopandishwa mlimani kwa mashine, wakishafika juu wanafanya nini? Nikakwambia wanashuka. Ukacheka mpaka ukapaliwa. Sasa nimekaa na kalamu, nje theluji inaanguka bila haraka, nikujibu kama mtu mzima anavyojibiwa.

Karakana ninayofanya kazi iko pembezoni mwa Salt Lake City. Hapo ndipo vinapotengenezwa viti vya lifti za mlimani, vile vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma na kuwabeba watu juu ya miti. Mimi napokea viti vilivyotoka kuchovywa zinki, nakagua viungo, nafunga mito na kile chuma cha kushusha mapajani ili mtu asichomoke njiani. Uani tumevipanga safu kwa safu kama viti vya harusi, ila havina miguu. Mara ya kwanza kuviona nilimtafuta kwa macho anayepika biriani.

Nafanya kazi sambamba na Mkongomani mmoja wa Uvira. Wako wengi huku, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, ingawa chake na changu hutazamana kwanza kabla ya kusalimiana. Siku alipojua kwamba tiketi ya siku moja kwenye milima mikubwa inapita dola 200, alishusha spana akasema, "Banalipia kupanda, kushuka banajishusha benyewe!" Sijapata maelezo bora ya biashara hii.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya bei. Nimekuandikia kwa ajili ya ndizi.

Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific ilikuwa inajenga kituo cha starehe za theluji Sun Valley, jimbo la Idaho. Mwenyekiti wake, Averell Harriman, alitaka treni zake zipate abiria hata wakati wa baridi. Mgeni akishafika, atapandishwaje mlimani? Siku zile watu walivutwa kwa kamba inayozunguka. Unaidaka kwa mikono, inakuburuza, glavu zinalika na mabega yanauma. Harriman alitaka kitu cha kistaarabu zaidi, na kazi ya kukibuni ikapelekwa kwa mafundi wa reli mjini Omaha, Nebraska, mbali kabisa na mlima wowote. Miongoni mwao alikuwapo injinia James Curran, ambaye kabla ya hapo aliwahi kushughulikia mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto. Mkungu unatundikwa kwenye ndoano, ndoano inasafiri na mtambo unaozunguka bila kusimama, mpaka ndani ya meli. Curran akautoa mkungu, akaweka kiti.

Wakubwa wake waliliona wazo hilo la hatari. Likapata mtetezi, na baadaye wakaanza kujaribu. Walifunga kiti ubavuni mwa lori, lori likawa linapita na kumzoa mtu aliyesimama. Ilikuwa majira ya joto, theluji hakuna, wakatandaza majani makavu. Hayakufaa. Mwishowe mtu akavaa viatu vya magurudumu, akasimama kwenye sakafu ya saruji, kiti kikaja nyuma yake kikamkalisha. Desemba mwaka huo huo lifti za kwanza za viti duniani zilikuwa zinazunguka Sun Valley. Na hadi leo, Mjomba, kiti kinakujia kwa nyuma, kinakugusa nyuma ya magoti, unakaa utake usitake. Mimi nilipopanda mara ya kwanza nilijihisi mkungu kweli.

Tangu nilipoisikia habari hii, kila ninapofunga mto kwenye kiti nawakumbuka wale hamali wa soko la Kongowea wanaoshusha ndizi alfajiri, mkungu begani, shingo imeinama upande mmoja. Kabla ya ndoano kulikuwa na bega. Mtambo wa Curran uliondoa mzigo kwenye bega la hamali, ukaenda kumbeba tajiri asichoke. Hamali sijui walimpeleka wapi.

Wahunzi wa kazi hii duniani wanahesabika kwa vidole. Mkubwa wao ni Doppelmayr, wa mji mdogo wa Wolfurt nchini Austria. Konrad Doppelmayr alianza na karakana yake mwaka 1892, lifti ya kwanza ya theluji ikatoka mwaka 1937, na mwaka 2002 kampuni hiyo ikaungana na Garaventa ya Uswisi. Mpinzani wake ni Leitner, iliyoanza mwaka 1888 huko Sterzing, kaskazini mwa Italia, sehemu ambayo watu wake wengi huzungumza Kijerumani. Siku hizi kundi moja na Leitner ni Poma ya Ufaransa, iliyoasisiwa na Jean Pomagalski, mtu mwenye asili ya Poland. Wamarekani nao walikuwa na wahunzi wao. Riblet, ya Spokane, ilianzia kwenye kamba za kubebea madini, ikaja kwenye viti, ikafunga milango mwaka 2003. Lifti zake zingine bado zinazunguka milimani, zinatunzwa kama yatima, maana aliyezizaa hayupo.

Usidhani lifti inanunuliwa dukani. Magharibi mwa Marekani milima mingi ya kuteleza kwenye theluji iko kwenye misitu ya serikali kuu, kwa hiyo mwenye biashara hupeleka kwanza mpango wake wa miaka mingi, athari kwa maji, miti na wanyama zikapimwa, wananchi wakasema yao. Mstari wa lifti unaweza kukaa kwenye ramani mpaka karatasi ikageuka njano. Kibali kikitoka, mbio zinaanza. Theluji ikiyeyuka mchimba msingi anaingia, na kabla haijarudi kila kitu kiwe kimesimama. Pasipo na njia, helikopta hubeba zege kwenye ndoo, kisha nguzo kipande baada ya kipande, na mafundi juu ya ngazi hukielekeza kila kipande kwa mikono mpaka matundu ya bolti yalingane.

Septemba iliyopita msimamizi alinipandisha mlimani nikasaidie kazi ya siku tatu. Hapo, Mjomba, ningetamani ungekuwapo.

Kamba ya chuma ilikuja imezungushwa kwenye gurudumu refu kuniliko. Unene wake kama kifundo cha mkono wa mtoto, nyuzi sita nene zimesokotwa kuzunguka moyo wa plastiki. Ikavutwa mpaka juu, ikazungushwa kwenye kapi kubwa la kule, ikarudi chini. Sasa una ncha mbili na unataka duara lisilo na mwanzo wala mwisho. Ungeziunganishaje? Fundo haliwezekani, halitapita kwenye makapi ya nguzo. Kuchomelea ndiyo usiseme. Mafundi wakazilaza ncha zile kwenye majani, wakapima, wakaweka alama za rangi, wakaanza kuzifumua nyuzi moja moja. Uzi wa upande huu unatolewa, wa upande ule unalazwa kwenye mfereji wake, mpaka nyuzi zinakutana kwa jozi, kila jozi na mahali pake. Mwisho moyo wa plastiki unakatwa, na mkia wa kila uzi unaingizwa ndani, mahali ulipokuwa moyo. Kwa kamba ya milimita 50 kiungo hicho hakipungui mita 60, maana kanuni ni mara 1,200 ya unene wake. Hakuna gundi wala pini. Kadiri inavyovutwa ndivyo nyuzi za nje zinavyozidi kuikaba mikia iliyo ndani.

Fundi mkuu alikuwa mzee asiyependa maneno, ana chuma chenye ncha kama kile chako cha jahazini, isipokuwa chake kilihitaji watu wawili kukikandamiza. Nikamwambia ninaye mjomba pwani ya Kenya anayeunga kamba namna hii hii, za katani na nailoni. Hakuinua uso. Akauliza, "Kiungo kifupi au kirefu?" Nikajibu kirefu, cha kupita kwenye kapi. Hapo ndipo aliponitazama. Akanionyesha pa kushika, na mchana kutwa hakuniondoa pale. Walipomaliza nilipitisha kiganja kwenye kiungo nikitafuta kilipoanzia. Sikukiona.

Mwenzangu wa Uvira anasema kazi ngumu ni ile ya vituo, na ana hoja. Kwenye lifti mpya kamba huenda karibu mita tano kwa sekunde, na ukikalishwa na kiti kwa mwendo huo utavunjika. Kwa hiyo kiti kinapoingia kituoni koleo lake linafunguka, kinaiachia kamba, safu ya tairi ndogo inakipunguza mwendo mpaka mtoto anaweza kukaa. Kisha safu nyingine inakiharakisha mpaka kiende sawa na kamba, koleo linauma tena. Ukisimama karibu unasikia mlio wake, tak, tak, tak, mchana kutwa. Naipenda sana sehemu hiyo. Ila moyo wangu uko kwenye kiungo cha kamba.

Unajua kinachonishangaza? Chuma hakichelewi. Wanaochelewa ni watu. Hapa pana bonde linaitwa Little Cottonwood. Siku za theluji magari hujipanga barabarani kama foleni ya feri yetu sikukuu, na mara nyingine theluji huporomoka ikaifunga njia kabisa. Julai 2023 idara ya uchukuzi ya jimbo ilitangaza kwamba jibu la mwisho ni magari ya kebo yenye urefu wa kilomita kama 13, kwa gharama inayopita dola milioni 500, yakitanguliwa na mabasi zaidi na ada ya barabara. Watu wakaenda mahakamani. Ukipita mitaa iliyo karibu na bonde unaona mabango kwenye bustani za nyumba, yote yanasema hapana. Wapanda majabali wanalilia mawe yao, mameya wa jiji na wa kaunti wamepinga, na wengine wanauliza kwa nini fedha za umma zijenge chombo kitakachoshusha abiria kwenye vituo viwili tu vya kuteleza, Alta na Snowbird. Mimi nakula kwa kazi ya kamba hizi, lakini swali hilo la mwisho sijalipatia jibu.

Ng'ambo ya milima hiyo ni Park City. Mwaka 2022 huko kulikuwa na lifti mbili mpya zilizokwisha kuagizwa. Wakazi wanne wakakata rufaa, hoja yao mojawapo ikiwa maegesho ya magari, na tume ya mipango ya mji ikawasikiliza na kufuta kibali. Wakazi wanne tu! Vyuma vikapelekwa Whistler, Canada, kwenye mlima mwingine wa mmiliki yule aliyeviagiza. Posa imekataliwa, mahari yakapelekwa nyumba ya pili.

Sasa nije nyumbani. Unakumbuka yale magari ya kebo tuliyoahidiwa ya kuvuka kivuko cha Likoni? Kampuni ya kigeni iliyotajwa kwenye mpango ule ndiyo hiyo hiyo ya Wolfurt. Nilipoligundua hilo nilishindwa kula chakula changu cha mchana, nikabaki nakodolea uzio. Hao hao wamejenga La Paz, Bolivia, kuanzia mwaka 2014. Njia kumi, zaidi ya kilomita 30, na wanaopanda si watalii. Ni mama wa sokoni, mwanafunzi, kibarua anayeteremka kutoka El Alto asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo usiniambie ni kitu cha wenye theluji. Mkondo wetu hauna hata kilomita moja. Kamba yake ingelala kwenye gurudumu dogo kuliko lile nililoliona Septemba.

Najua utasema nini. Utasema marehemu nyanya hangepanda kitu kinachoning'inia. Lakini nyanya tangu kuzama kwa feri ya Mtongwe mwaka 1994 hata feri alikuwa haipandi bila kusoma dua mpaka ng'ambo, na bado alivuka kila Ijumaa, kwa sababu binti yake alikuwa kisiwani. Watu wetu hawaogopi chombo. Wanachotaka kujua ni nauli itakuwa ngapi, mwenye kiosk pale kwenye mteremko atahamishiwa wapi, na kikikwama katikati ni nani atakuja. Hayo maswali ndiyo ningependa kuwasikia wenzetu wakiyauliza kwa sauti, kabla wazo halijafufuliwa tena. Mabango ya hapa yananiudhi siku nyingine, ila yamenifundisha kuyaonea wivu.

Karatasi inaisha. Pesa za paa nimemtumia dada, mchukue kwake. Kwenye kifurushi kinacholetwa na yule jirani anayerudi mwezi ujao utakuta kipande cha kamba, urefu wa shubiri mbili. Ni cha masalio ya siku ile, fundi mzee alikikata mwenyewe akanipa baada ya kuniuliza jina la mji wako. Ni kizito, usikiangushe mguuni. Kifumue, uhesabu nyuzi, utazame moyo wake ulivyokaa. Kisha uniambie kwa simu, ukiongeza bando safari hii, kama ungekiunga kwa mita 60 au ungepunguza.

Wasalimie wote wa mtaani.

Mpwa wako,
Salt Lake City