Siku Tulipokutana na Mhubiri Wetu



Karibu kila Mkristo ana mhubiri wake. Wapo wanaofunga safari hadi parokia ya jirani kwa sababu wamesikia kwamba Padre fulani ndiye atakayeadhimisha Misa ya pili. Wapo wanaohifadhi mahubiri kwenye simu na kuyarudia jioni wakiosha vyombo. Jambo hili si baya, wala si jipya. Wakristo wa Korintho nao walikuwa na wahubiri wao, huyu akijiita wa Paulo, huyu wa Apolo, mwingine wa Kefa, mpaka Mtume Paulo akalazimika kuwakumbusha kwamba wahubiri hupanda na kumwagilia tu, na anayekuza ni Mungu (taz. 1Kor 1:12, 3:6).

Sisi mafrateri wanne, wenzi wa darasa moja, tulikuwa na mhubiri wetu pia. Ni padre mzee ambaye kwa miaka mingi amehubiri mafungo ya mapadre, watawa na walei, na baadhi ya mafungo hayo yalirushwa redioni. Wawili wetu walimsikia kwanza nyumbani, wakiwa watoto, redio ikiwa imening'inizwa kwenye mti huku watu wakipura alizeti. Wengine tulimfahamu seminarini, kwa sauti zilizokuwa zikipita kutoka simu moja hadi nyingine. Tulijua anapovuta pumzi. Tulijua kwamba akitaka kusema jambo zito hushusha sauti badala ya kuipandisha. Mmoja wetu aliweza kumwiga hata kikohozi. Jina lake hatulitaji hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe alituomba tusilitaje.

Wakati wa likizo tulipangiwa utume katika parokia moja ya Jimbo la Singida. Huko tukasikia kwamba Padre huyo yuko Itigi kwa wiki chache, akipumzika na kupata matibabu. Baba Paroko alituruhusu siku mbili. Tukapanda basi alfajiri Singida mjini, tukayaacha nyuma yale mawe makubwa na Ziwa Singidani, tukapita Ikungi na mashamba yake ya alizeti iliyokwisha kuvunwa, tukafika Manyoni, kisha tukashika njia ya magharibi kuelekea Itigi, kwenye vichaka vile vizito vinavyojulikana kwa jina la mji huo. Njia nzima tulikuwa tukipanga maswali. Kila mmoja alikuwa na lake, na mmoja alikuwa na zaidi ya swali.

Huyu mwenzetu ana kigugumizi. Ametupa ruhusa kuandika habari zake, alimradi tusimtaje. Ni mtu wa sala, ana akili, anapendwa na watoto wa kigango chochote anachopelekwa. Lakini akisimama mbele ya watu, neno linakwama kooni. Katika mazoezi ya homilia aliwahi kukwama kwenye neno moja kwa muda mrefu hadi watu waliokuwa wakimsikiliza wakaanza kucheka, kwanza wachache, kisha wengi. Tangu siku hiyo alikuwa na barua ndani ya Biblia yake. Ilikuwa barua ya kuomba kuacha masomo, imekamilika, imebaki kutiwa tarehe tu. Alisema atamwona kwanza mhubiri anayemheshimu kuliko wote, kisha ataamua. Kwa hiyo safari yetu haikuwa ya matembezi.

Njiani tulimkumbuka Mtakatifu Augustino. Katika Maungamo yake anasimulia jinsi alivyomsubiri kwa karibu miaka tisa mhubiri mashuhuri wa Wamani aliyeitwa Fausto. Kila alipouliza maswali magumu aliambiwa: ngoja Fausto aje. Fausto akaja Karthago mwaka 383. Augustino akamkuta ni mtu mwenye adabu na maneno matamu, lakini asiye na majibu. Jambo la kupendeza ni kwamba Augustino hakumdharau. Alimsifu kwa kukiri bila aibu kwamba hajui. Mwaka uliofuata, huko Milano, akaanza kumsikiliza Askofu Ambrosi. Mwanzoni alikwenda kusikiliza namna anavyosema tu, si anachosema. Polepole maana ikaingia pamoja na utamu wa maneno, na katika Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi akambatiza. Lakini tunasahau jambo moja: Augustino hakupata nafasi ya kutosha kuzungumza na Ambrosi. Alikuwa akienda kwake na kumkuta amezungukwa na watu wenye shida, au anasoma kimya. Augustino na wenzake walikaa, wakamtazama, wakaondoka. Nasi tulijiuliza: tutakayemkuta Itigi ni Fausto au ni Ambrosi? Na je, atakuwa na nafasi?

Tulimkuta hospitalini. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi inahudumia watu wanaotoka mbali sana, na tulidhani tutaelekezwa kitandani kwake. Kumbe alikwisha kumwona daktari, naye alikuwa ameketi kwenye benchi wodini, karibu na kitanda cha bibi mmoja. Ni mtu mfupi, mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa amevaa sweta lililochakaa viwikoni. Tulimwamkia, akaitikia, akatuonyesha kwa mkono tukae. Kisha akamrudia bibi yule. Tulikaa karibu saa nzima. Bibi alizungumza habari za mbuzi wake, za mjukuu aliyekwenda mjini na hapigi simu, za mvua iliyokatika kabla mtama haujakomaa. Mhubiri wetu hakusema zaidi ya "ehe" na "pole, mama". Mtu ambaye tulikuwa tumesafiri ili kumsikia hakuwa akisema kitu.

Baadaye tuliketi naye nje, chini ya mti, tukala karanga. Tulimwuliza jinsi anavyoandaa mahubiri. Tunaandika hapa aliyotueleza, kwa kuwa tunaamini yatawafaa mafrateri wenzetu. Jumatatu husoma Injili ya Dominika ijayo na kuinakili kwa mkono, kwa sababu mkono, alisema, hauna haraka kama jicho. Jumatano huisoma kwa sauti mbele ya mtu asiye na elimu kubwa, mara nyingi mlinzi au mpishi, kisha humwuliza: "Umesikia nini?" Alisisitiza kwamba hamwulizi ameelewa nini, kwa maana swali hilo humfanya mtu ajisikie yuko kwenye mtihani. Ijumaa huandika homilia. Jumamosi hukata nusu yake. Dominika husimama na jambo moja tu.

Hapo tulielewa kwa nini sauti yake ilikuwa ikituingia hata tukiwa shambani. Wengi tunadhani mahubiri mazuri huanzia mdomoni. Yake yalianzia sikioni. Baba Mtakatifu Fransisko aliliandika jambo hilo katika waraka wake wa mwaka 2013, Furaha ya Injili, ambamo aliweka sehemu ndefu kabisa juu ya homilia. Alisema kwa utani wenye ukweli kwamba homilia huwatesa wote, waamini kwa kuisikiliza na mapadre kwa kuitoa, na akamtaka mhubiri alisikilize Neno na awasikilize pia watu. Mwezi Juni 2024 akarudia kuonya kwamba homilia isizidi dakika nane, maana watu husinzia. Mzee wetu alicheka tulipomtajia dakika nane. Alisema mlinzi wake humaliza kusikiliza katika dakika tano.

Mwishowe mwenzetu akasema lake. Alichukua muda mrefu. Mzee hakummalizia neno hata moja, wala hakuangalia pembeni. Alipokwisha kueleza habari za barua, sote tulingoja jibu. Tulidhani atamtajia Musa, ambaye naye alimlalamikia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa Haruni awe msemaji wake (taz. Kut 4:10-16). Hakumtaja. Alisema: "Mwanangu, mimi siwezi kukwambia ubaki au uondoke. Hilo ni lako na la Mungu na la walezi wako. Lakini yule bibi hajasomewa Injili leo. Nenda kamsomee."

Akampa kitabu chake. Ilikuwa Injili ya kipofu wa Yeriko, Bartimayo, aliyepaza sauti kando ya njia huku watu wakimkemea anyamaze (taz. Mk 10:46-52). Tulisimama mlangoni. Mwenzetu alianza, akakwama, akaendelea, akakwama tena. Katika wodi ile hakuna aliyecheka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza vichwa. Kwa kuwa maneno yalikuja moja moja, kila neno lilisubiriwa. Alipomaliza, bibi akasema: "Ile ya Yesu kusimama, isome tena." Akaisoma tena. Bibi akatikisa kichwa, akasema kwamba watu wengi hupita mahali hapa mbio mbio, lakini Yeye alisimama.

Sisi tumesoma Injili hiyo mara nyingi, na tumeichambua darasani. Tulikuwa tumeandika habari za imani ya Bartimayo, za vazi alilolitupa, za njia ya kwenda Yerusalemu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amesikia kwamba Yesu alisimama. Tumelisikia hapo, kwa mdomo wa mwenzetu mwenye kigugumizi na sikio la bibi mgonjwa. Ikiwa hiyo si homilia, hatujui ni nini.

Ni vema hapa kumkumbuka msimamizi wa hospitali ile. Mtakatifu Gaspar del Bufalo, padre wa Roma aliyezaliwa mwaka 1786, alikuwa mmoja wa wahubiri mashuhuri wa Italia wa wakati wake. Naye alikuwa na mhubiri wake: tangu utoto alimpenda Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye kwa maombezi yake familia iliamini kwamba Gaspar aliponywa ugonjwa wa macho. Mwaka 1810 alikataa kula kiapo cha utii kwa Napoleoni, akahukumiwa uhamisho na kufungwa kwa karibu miaka minne. Aliporudi, Papa Pius VII alimtuma kuhubiri misioni kwa watu, na tarehe 15 Agosti 1815 akaanzisha Shirika la Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu, ambalo wanashirika wake walifika mpaka Itigi. Watu wa Italia walimsikiliza kwa sababu neno lake lilikuwa limekwisha kumgharimu. Alifariki mwaka 1837, akatangazwa mtakatifu mwaka 1954. Leo jina la mhubiri huyo haliko juu ya jukwaa, liko juu ya wodi za wagonjwa.

Basi, tumejifunza nini? Kwenu mafrateri wenzetu: tusiwaige wahubiri tunaowapenda katika sauti na kikohozi. Tuwaige katika Jumatatu yao na Jumatano yao, wakati ambapo hakuna anayewarekodi. Na tukiwa mazoezini, mwenzetu akikwama, tungoje. Kungoja ni sehemu ya kumsaidia kuhubiri.

Kwenu waamini wapendwa: endeleeni kuwapenda wahubiri wenu wa redioni, lakini msimwache Baba Paroko wenu peke yake. Yeye ndiye anayelijua kaburi la mama yako na deni la mbegu ulilochukua. Huenda hana sauti ya kuvutia. Mwombeeni. Na baada ya Misa, badala ya kumwambia tu kwamba leo umehubiri vizuri, mwambieni mlichosikia. Katika jumuiya ndogo ndogo, mkisoma Injili, mpeni kitabu hata yule asomaye kwa shida, na msimharakishe.

Mtapenda kujua habari za barua ile. Mwenzetu hakuichana, wala hakuipeleka. Amezungumza na walezi, nao wamekubaliana kwamba aendelee kupambanua wito wake kwa mwaka mwingine, huku akipata msaada wa mtu mwenye ujuzi wa matatizo ya usemi. Huenda akafika altareni, huenda asifike. Sisi hatutaki kumwamulia Mungu. Tunachojua ni kwamba sasa kila Alhamisi anaomba ruhusa ya kwenda kuwasomea wagonjwa Injili, na sisi wenzake tunakwenda kwa zamu, tunakaa nyuma, tunasikiliza.

Tumwombe Bwana wa mavuno awape wahubiri wetu masikio kabla ya ndimi, na awajalie wote wanaosubiri kando ya njia wapate mtu wa kusimama.