Noah ya familia: kuiuza ao kuitengeneza?

Goma – Katika mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi, kuna familia moja ambayo kwa miezi mitatu imekuwa ikibishana juu ya gari yao. Ni Toyota Noah ya mwaka 1998, ya viti nane, usukani upande wa kuume kama magari mengi yanayotembea huku mashariki. Papa aliinunua mwaka 2013 kwa makuta ya akiba ya miaka sita. Leo mlango wa pembeni unafungwa kwa kamba, na kila ikipanda kilima lazima dumu la maji liwe karibu. Papa anataka kuiuza. Mama anakataa.

Hesabu ya Papa ni hii. Rafiki yake anauza gari ndogo ya viti vitano, ya miaka ya karibuni, kwa dola 5,200. Kwa Noah, mnunuzi mmoja amefika dola 1,400. Zinabaki 3,800 za kutafuta. Kwa upande mwingine, fundi anaomba dola 620 ili atengeneze breki, rejeta, betri, amotisere na tairi mbili.

“Dola 620 ndani ya gari ya dola 1,400? Ni kumimina maji ndani ya kitunga,” anasema Papa. Gari ndogo haitakunywa mafuta sana, na siku ambazo mafuta yanakosekana vituoni, bei ya kadhafi wa kando ya barabara haina huruma.

Lakini neno linalomchoma zaidi si mafuta. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, alikimbilia gari akiwa na watoto wawili mikononi. Aliwasha mara moja, mara mbili, mara tano. Betri ilikuwa imekufa. Familia ilirudi ndani na kulala chini ya vitanda siku tatu, bila umeme wala maji. “Siku ile ilitukatalia,” anasema. “Gari inayokukatalia siku ya hatari si gari tena.”

Mama anamsikiliza mpaka amalize, halafu anamkumbusha siku nyingine.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, viongozi waliomba wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke. Majengo ilikuwa ndani ya hesabu. Watu wakajaa barabara ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani. Ndani ya Noah waliingia watu 17: wao wenyewe, jirani mjane na watoto wake, na Koko, mama yake Papa, ambaye miguu yake haimbebi tena. Kutoka Goma hadi Sake ni kilometa 25 hivi. Siku hiyo ziliwachukua tangu asubuhi hadi usiku, lakini Koko hakukanyaga chini.

“Papa wa watoto, kwa hiyo gari ya viti vitano, Koko ungemuweka wapi?” anauliza Mama. Na kuhusu Januari 2025, ana jibu pia: “Wenye magari mapya nao walilala chini ya vitanda kama sisi. Wangeenda wapi?”

Kuna pia safari ya Februari 2025. Mdogo wake Mama na watoto wake, waliotoka Masisi, walikuwa wakiishi kambini Bulengo. Kambi zilipoondolewa, walipewa siku chache tu. Noah ilienda mara mbili, imejaa mabashi, sufuria na magunia, na ikawafikisha ng'ambo ya Sake. Hakuna aliyeomba nauli.

Ubishi ungeendelea hivyo, kila mmoja na siku yake, kama binti yao wa kwanza asingeleta daftari. Yuko mwaka wa sita wa sekondari, na kwa miezi kumi na miwili alikuwa akiandika kila dola iliyoingia ao kutoka kwa sababu ya gari. Matengenezo ya mwaka mzima: dola 540. Kati ya hizo, 190 zilienda kwa rejeta ya okazioni iliyonunuliwa mara mbili kwa sababu ilikuwa rahisi.

Upande wa pili aliandika Kibumba. Kila Jumamosi Mama huenda kule kuchukua kabichi na karoti za kuuza sokoni Virunga. Kukodi gari ni dola 20 kwa safari moja, maana yake dola 1,040 kwa mwaka. Mafuta ya Noah kwa safari hiyo ni chini ya nusu. Gari ndogo ingebeba magunia mawili tu.

“Papa, na hizo 3,800 utazitoa wapi?” aliuliza binti. Vita ilipoingia mjini mwaka 2025, benki za Goma zilifunga milango. Mkopo unapatikana kwa mtu binafsi, na faida yake ni nzito. Zamu ya Papa kwenye likelemba itafika mwakani.

Wakamuita fundi nyumbani. Aliinua kiti cha dereva, maana moteri ya Noah hii iko chini ya viti vya mbele, akasikiliza, akalala chini ya gari kwa muda mrefu.

“Mzee, moteri ni nzima,” alisema. “Kinachokula gari yako ni mawe ya volkano. Hata ile mpya yataila.” Kisha akataja dalili tatu za kuachana na gari: maji yakichanganyika na oili, shasi ikipasuka, ao moshi wa buluu ukitoka kila siku na oili kupungua. “Hii haina hata moja. Ikipata moja, usinipe tena makuta yako.”

Basi wamekubaliana. Noah inabaki, lakini si kwa mapenzi tu. Kwanza breki, rejeta mpya na betri, dola 370. Amotisere na tairi zitangoja likelemba. Mlango utabaki na kamba yake. Kila Jumamosi, dola tano za mauzo ya kabichi zinaingia katika kopo la gari. Siku moja kati ya dalili zile tatu itakapoonekana, gari itauzwa kwa vipande, bila ugomvi. Na itakayofuata, hata ikiwa ndogo, Koko awe na nafasi ndani yake.

Papa hajasahau ile betri. Sasa kila jioni, kabla ya kufunga lango, anawasha moteri kwa dakika chache, kisha anairudisha gari kinyumenyume mpaka uso wake uangalie barabara.

“Imewaka?” Mama anauliza toka jikoni.

“Imewaka.”